Mtani Haoni Haya

Asubuhi ile Lupyana Kihwele aliitwa mla mbwa mara tatu kabla hajashuka kazini, na mara zote tatu alijibu asante.

Aliyemwita hivyo alikuwa mkuu wa usalama wa kituo, Winfrida Ngonyani, mwanamke wa makamo aliyekuwa amepiga magoti mbele yake akipapasa mishono ya buti zake. Yeye Mngoni, Lupyana Mhehe, na Wahehe hutaniwa kwamba hula mbwa. Babu zao walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka wakawa watani. Kila siku, mlangoni mwa shimo, Winfrida ndiye aliyemfunga Lupyana Ganda lake, vazi la kushukia shimoni, na matusi yalikuwa sehemu ya kazi kama glavu na kofia ngumu.

Desturi hiyo pale kituoni Nsongola iliitwa kufungana. Wageni kutoka makao makuu walipoiona mara ya kwanza walidhani wafanyakazi wanagombana. Hakuna aliyejifunga mwenyewe, wala aliyefungwa na rafiki au ndugu. Mchaga alifungwa na Mpare, Msukuma akafungwa na Mzaramo, kila mtu na mtani wake. Sababu yake haikuhitaji chuo. Anayekupenda akiona kasoro kwenye vazi lako atasita, atajiambia labda si kitu, ataona haya kukusumbua. Mtani haoni haya. Mtani akiona kasoro anafurahi, anaitangaza, anawaita wengine waje waione, na juu ya hayo ana haki ya kukunyang'anya nyama yako ya mchana. Kwa hiyo anaitafuta kwa moyo wake wote.

Na Ganda lilistahili kutafutiwa kasoro kwa moyo wote, maana shimoni hakukuwa na kitu kingine kati ya mtu na Viza. Hilo ndilo jina walilolipa gesi iliyopanda na mvuke kutoka tumboni mwa mlima, kwa sababu ilinuka yai viza. Nusu ya nchi iliwasha taa kwa mvuke ule, na Viza ndiyo iliyokuwa kodi yake. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama mashimoni. Ikiwa kidogo utaziba pua na kulaani. Ikiwa nyingi huiua pua kwanza, usisikie harufu yoyote, kisha hukuua wewe. Wakongwe wa kazi waliwaambia wageni: ukiinusa mshukuru Mungu, ukiacha kuinusa kimbia.

"Pinduka," Winfrida alimwambia Lupyana, akambandika kofi la mgongo palipo na mtungi wa hewa. "Limefunga. Nenda kazini, mla mbwa, na jioni unirudishie Ganda langu bila harufu ya mchuzi."

"Asante, mkimbizi wa Shaka," alisema Lupyana, akashuka.

*

Kabla ya Ganda kulikuwa na Shimo la Nne, na kila mtu wa Nsongola alikijua kisa chake ingawa hakuna aliyependa kukisimulia. Fundi mmoja alianguka chini. Mwenzake akashuka kumtoa, akaanguka. Wa tatu akashuka kuwatoa wawili. Walikufa watano namna ile, wote wenye nguvu, wote wenye akili timamu, na hakuna aliyeuawa na uzembe. Waliuawa na huruma. Wa tatu alikuwa Ansgari, kaka yake Winfrida.

Ndiyo maana Winfrida alipokuja kuwa mmoja wa wahandisi waliolibuni Ganda, alishikilia jambo moja mpaka wenzake wakachoka kumpinga. Kitambaa chake kilikuwa hai, kilioteshwa juu ya umbo la mwili wa mwenyewe na hakikumkubali mwingine, na nyuzi zake zilivuta kama misuli. Wenzake walitaka nyuzi zile zimsaidie mtu kunyanyua mizigo. Winfrida alitaka zimrudishe nyumbani. Ganda lingehesabu hewa ya kwenda, ya kufanya kazi na ya kurudi, na hesabu ikikataa lingemgeuza mtu na kumpandisha ngazi kwa miguu yake mwenyewe, apende asipende, hata amtaje mama yake.

Wafanyakazi waliliogopa vazi lenye amri kuliko aliyelivaa. Mazungumzo yalikuwa marefu, na mwisho walikubaliana lisiwe na mlango ila mmoja. Mtani aliyekufunga ndiye peke yake angeweza kukufungulia ukiwa shimoni, tena kwa maneno haya yasiyobadilishwa: Nenda, nitakuzika mimi. Msibani mtani ndiye huchimba kaburi, ndiye hulala ndani yake kwa mzaha mpaka wafiwa wacheke. Wafanyakazi walitaka anayefungua Ganda aseme wazi anachokifanya.

Tangu siku hiyo maneno yale hayakuwahi kutamkwa Nsongola.

*

Wakati wa chai mlima ulijinyoosha. Kantini vilianguka vikombe tu, na mpishi akacheka. Lakini chini ya ardhi mabomba yalipasuka kwenye maungio, Viza ikafumka, na kila Ganda likaamua papo hapo. Watu walianza kutoka shimoni kwa mstari, mmoja bado ameshika spana, mwingine akibishana na miguu yake mwenyewe iliyokuwa ikimpandisha. Winfrida alisimama mlangoni akiwatazama. Mitungi ilikuwa imekwisha, mabega ya vitambaa yameungua kwa mvuke, lakini watu walikuwa wazima, wakikohoa na kutukanana. Aliona fahari kubwa, na hakujizuia kuiona.

Kisha mstari ukaisha, na wawili hawakuwemo.

Sauli Mwakipesile, fundi wa vali, alikuwa chumba cha chini kabisa. Mhimili wa bomba ulimwangukia mguuni ukambana. Ganda lake lilikuwa zima na lilijitahidi kumgeuza, lakini haligeuzi mtu aliyebanwa na chuma. Lupyana alikuwa ngazi ya juu yake na mtungi wake haujatumika sana, na badala ya kupanda aliteremka. Ganda lilimruhusu, maana kwa wakati ule hesabu ilikuwa bado inakubali.

Winfrida alikimbilia chumba cha mitambo. Meneja wa kituo, Bwana Kapilima, alikuwa keshasimama pale mbele ya kioo cha hesabu, mikono nyuma. Alikuwa mtu wa Tabora, mgeni wa miezi michache, mpole, mwenye kumwamkia kila mtu kwa cheo chake. Alimweleza kwa sauti ya chini kwamba kikosi cha uokoaji kimetoka mjini na kwamba hakitawahi. Maganda yote yaliyotoka yalikuwa yamekauka hewa, na kuyajaza upya kulitaka muda ambao Sauli hakuwa nao.

"Mtani," redio ilisema. Sauti ya Lupyana ilikuwa tulivu. "Mhimili una miguu miwili. Nimekata mmoja, umebaki mmoja. Lakini Ganda lako linanigeuza."

Winfrida alitazama kioo. Wawili wale walikuwa wamekwisha kuunganisha mipira yao ya hewa, na Maganda yakiunganishwa huhesabu kwa pamoja. Hata hivyo hewa yao haikutosha kukata chuma, kumbeba Sauli na kupanda. Ilimtosha Lupyana kupanda peke yake. Ganda halikujua Sauli ni nani, lilijua hesabu tu.

"Nimekumbatia bomba kwa mikono miwili," Lupyana aliendelea. "Miguu yangu inataka kuja huko. Sema yale maneno."

"Sauli anasemaje?"

"Ananiambia nipande. Anasema kwa adabu mno. Ndiyo maana sipandi."

Winfrida alimpenda mtu yule wakati ule kuliko alivyowahi kumpenda ndugu yake yeyote, na upendo huo ndio uliomtisha. Ansgari naye alikuwa hivyo hivyo. Angekuwa na Ganda, angekumbatia bomba na kuomba afunguliwe, na nani angemnyima? Akinyamaza, Sauli atakufa kwa hakika na Lupyana ataishi, akijua. Akisema, pengine watapona wote wawili, na pengine Shimo la Nne litaanza upya kwa kauli yake yeye aliyeapa kulifunga.

Alibonyeza redio.

"Nenda," alisema.

Chini huko Ganda lilitulia, likisubiri yaliyobaki. Kapilima aliinamisha kichwa. Winfrida alikaa na mdomo wazi, na neno la pili likagoma kutoka. Macho yake yalikuwa kwenye kioo, pale penye hesabu ya mipira miwili iliyounganishwa, na akaona kitu alichokiweka yeye mwenyewe miaka mingi nyuma kwa ajili ya kuwaburuta majeruhi, akakisahau. Hesabu ya pamoja haikuwa na kikomo cha watu wawili.

"Usiachie hilo bomba," alisema. "Pumua polepole. Nakuja na mtungi mzima."

*

Ganda pekee lililokuwa limejaa hewa pale Nsongola lilikuwa lake. Lilining'inia ofisini kwake nyuma ya mlango, likijazwa kila wiki kama kanuni isemavyo, na lilikuwa halijavaliwa tangu apandishwe cheo.

Alilivaa mlangoni mwa shimo huku watu wamemzunguka. Kitambaa kiliutambua mwili wake, kikanywea kiunoni na kulegea palipoongezeka. Barakoa ilikaa. Lakini Ganda haliwashi hewa mpaka liguswe na kiganja cha aliyekukagua, na hapo ndipo watu walipotazamana. Mtani wa Mkuu alikuwa Lupyana, na Lupyana alikuwa chini. Mngoni alitaniwa na Mhehe, na alitaniwa na Mnyamwezi wa Tabora.

Winfrida alimgeukia meneja.

"Bwana Kapilima, wewe ni mtu wa Tabora."

"Ndiyo, Mama Ngonyani."

"Basi nifunge."

Kapilima alijua kufunga, alikuwa amefuzu mafunzo kama kila mtu. Alianza na buti, akapanda kwenye magoti, akagusa mikanda kwa ncha za vidole. Kila alipogusa alisema samahani. Alipofika usoni alitazama haraka, akarudi nyuma hatua moja na kusema kwamba kwa kadiri anavyoona, Mama yuko sawa kabisa. Akainua kiganja ili aliguse Ganda.

Winfrida alimshika mkono ukiwa bado hewani. Alizijua samahani zile. Tangu awe Mkuu, watu wote walikuwa wakimwambia yuko sawa kabisa.

"Usiniheshimu," alisema. "Ukiniheshimu nitakufa. Babu yako angemwona Mngoni amevaa hivi angesema nini?"

Meneja alisimama. Alipoanza kusema, ilikuwa kwa sauti ambayo pale kituoni hawakuwahi kuisikia, sauti ya nyumbani kwao.

"Angesema Wangoni mlitoka kwa Shaka mkisema mnakwenda vitani, kumbe mnakimbia. Na mtu anayekimbia huwa hafungi vizuri. Lete hicho kichwa hapa."

Alimvuta kwa kidevu kama mtu anayekagua mbuzi mnadani. Akapitisha kidole gumba kuzunguka ukingo wa barakoa, polepole safari hii, akibonyeza. Karibu na sikio la kushoto kidole kilisimama.

"Hii nini?"

Ilikuwa misuko. Jumamosi Winfrida alikuwa amesuka nywele kwa ajili ya harusi ya binti wa dada yake, mistari myembamba ya kupendeza iliyoanzia kwenye paji la uso, na ukingo laini wa barakoa ulikuwa umekaa juu yake. Kati ya msuko na msuko pamebaki njia. Ilikuwa ndogo, lakini Viza haihitaji lango. Yeye ndiye aliyeandika kanuni ya kukataza ndevu na misuko chini ya barakoa. Yeye ndiye aliyewahi kuwarudisha watu nyumbani wakanyoe. Jumatatu nzima na Jumanne alipita mbele ya wafanyakazi wake na kichwa kile, wakakisifia.

"Njooni mwone," Kapilima alitangaza, na sasa alikuwa akifurahi waziwazi, maana ilikuwa haki yake. "Mkuu wa usalama amejisukia kaburi. Mkasi."

Mtu alimpa mkasi wa kukatia nyaya. Aliikata misuko ya pande zote mbili karibu na ngozi, bila samahani hata moja, akaipangusa ngozi kwa kiganja, akairudisha barakoa na kuzunguka ukingo tena kwa kidole gumba, mara ya kwanza na mara ya pili. Misuko aliitia mfukoni. Kisha akambandika kofi la mgongo lililomsogeza Winfrida hatua mbele.

"Limefunga," alisema. "Shuka, mkimbizi."

Hewa ikawaka.

*

Ngazi za shimo zilikuwa zimejaa mvuke, na Winfrida alishuka kwa kushika, maana macho hayakufaa kitu. Magoti yalimuuma. Alisikia Ganda likihesabu pamoja naye, akalitegea sikio kama mtu anayemsikiliza mwanawe akisoma kwa sauti, akingoja litakapokosea. Halikukosea. Juu kidogo ya chumba cha mwisho palikuwa na jukwaa, na hapo lilimzuia. Kwenda mbali zaidi kungeharibu hesabu ya kurudi. Hakubishana nalo.

Alilala kifudifudi na kuushusha mpira wake wa hewa gizani. Alihisi ukivutwa mara moja, mara mbili, kisha ukabana kwenye kiungo.

Aliiona taa ya hesabu kwenye Ganda la Lupyana kabla hajamwona Lupyana. Ilikuwa nyekundu. Ilikaa nyekundu kwa muda ambao Winfrida alisahau kupumua, halafu ikawa kijani. Hesabu ya Maganda matatu ilikuwa imekubali. Miguu ya Lupyana, iliyokuwa ikivuta kuelekea ngazini kwa muda wote ule, iliachia ghafla, naye akaanguka chali. Akasikika akicheka. Kisha msumeno ukaanza kulia juu ya chuma.

Winfrida alikaa na mkono juu ya mpira akiisikia hewa yake ikienda kwa watu wawili, na alijua kwamba kama njia ile ndogo karibu na sikio lake isingezibwa, muda huu angekuwa amelala pale pale, hasikii harufu yoyote, na wale wawili chini wangekuwa na maiti iliyofungwa kwenye mpira wao. Wangemjia kumtoa. Ndivyo mambo haya yanavyokwenda. Alimshukuru Mungu kwa ajili ya Tabora na watu wake wote.

Chuma kilikatika. Lupyana alimbeba Sauli begani, na Maganda matatu, yakiwa yameshikana kwa mipira, yaligeuka kwa wakati mmoja na kupanda ngazi. Safari hii hakuna aliyegombana na miguu yake.

*

Mguu wa Sauli ulikuwa umevunjika mahali pawili, na daktari alisema atatembea, ingawa hatacheza mpira. Sauli alijibu kwamba hata zamani hakuwa mchezaji wa maana.

Lupyana alikuwa ameketi kwenye benchi la mlangoni, uso umejaa alama za barakoa, akinywa maji. Winfrida alikuja kuketi karibu naye. Alivua kofia, na Lupyana akakitazama kile kichwa, misuko katikati na upara pande zote mbili, kwa muda mrefu na kwa adabu kubwa.

"Nani amekufanyia hivyo?"

"Meneja."

"Mwongezee mshahara." Alikunywa maji. "Ulisema nusu, mtani. Niliisikia. Nilikaa pale chini nikingoja ile nusu nyingine."

"Ilikuwa mdomoni."

"Ungeisema?"

Winfrida aliitazama mikono ya Lupyana, makovu ya zamani ya mvuke juu ya vidole, mikono ya mtu aliyekumbatia bomba ili asiokolewe. Hakutaka kumdanganya.

"Sijui," alisema. "Ningeisema, ningekuzika vizuri sana, na nisingemfunga mtu tena maisha yangu yote."

Lupyana alitikisa kichwa polepole. Aliweka kikombe chini, akauchukua mkono wake akaushika, jambo ambalo watani hawalifanyi mbele za watu, na wote waliokuwa pale wakajifanya wanatazama mlima.

Kesho yake asubuhi misuko ilikuwa imetundikwa kwa msumari kando ya mlango wa shimo, chini ya mabango yote ya usalama, na kila aliyepita aliigusa. Kapilima alikuwa ameitundika mwenyewe. Alisimama kwenye foleni ya kufungwa kama mfanyakazi yeyote, na mbele yake alisimama Winfrida, kichwa kimenyolewa chote, Ganda mwilini, ingawa siku hiyo hakuwa na kazi yoyote shimoni. Alikuwa ameamua kwamba kuanzia sasa atafungwa kila siku.

Lupyana alimzunguka. Alipapasa mishono, akabonyeza magoti, akavuta kila mkanda, akapitisha kidole ukingoni mwa barakoa mpaka kikarudi kilipoanzia. Foleni ilirefuka. Hakuona kitu. Alianza tena kutoka kwenye buti.

Winfrida alimuuliza kama kuna kasoro yoyote au ni uvivu tu wa Wahehe.

"Sijaiona bado," alisema Lupyana kutoka chini, akiwa amepiga magoti. "Simama vizuri, mkimbizi. Sijamaliza."

Winfrida akasimama vizuri.